Kipande cha Njia Baada ya Zagreb

Hagen, Ujerumani
17 Novemba 1974

Kaka yangu Rüstem,

Nakubusu mikono yote miwili, wa kulia kwa niaba yangu na wa kushoto kwa niaba ya binti yangu Nermin, ambaye anasema ameshakuwa mkubwa na habusu tena mikono ya watu. Miaka kumi na mitatu hiyo! Mwambie wifi yangu Satı kwamba bamia zake kavu zilifika. Zimevunjikavunjika, ladha haikuvunjika. Na mama mkwe wangu Döndü, magoti yake yanaendeleaje? Humo ndani ya kifurushi mna shali mbili: ya kijivu ni yake, ya buluu ni ya Satı. Msigombane.

Sisi hatujambo, ila baridi imeanza kutuuma. Kiwandani bado niko kwenye meza ya kuunga nyaya za redio. Jioni macho yananiwasha, lakini kazi ni ileile na mshahara unakuja kwa siku yake.

Sasa kama umesimama, keti. Nimeanza kujifunza kuendesha gari.

Ndiyo, mimi. Mwalimu wangu ni Bwana Krüger, mzee wa masharubu, kila nikikosea gia anaugua kama mtu anayeng'olewa jino. Juzi akaniambia, "Bibi, hilo ni gari, si mashine ya kusagia nyama." Nikamjibu, "Basi liache kulia kama mashine ya kusagia nyama." Tangu siku hiyo tunaelewana.

Nia yangu ni hii. Majira ya joto, kiwanda kikifunga, nije nyumbani kwa gari, mimi na Nermin. Kila mwaka nasimama dirishani na gilasi yangu ya chai nikiwatazama wenzetu wa mtaani wanavyofunga mizigo juu ya paa, watoto wanapiga kelele, mama anakumbuka amesahau sufuria, baba anapiga honi. Wao wanaendeshwa na waume zao. Sabri wangu alikuwa dereva kuwashinda wote, na hayupo. Basi nitajiendesha.

Wewe na Sabri mliipita njia ile na lori miaka kumi na moja. Niandikie: wapi nilale, wapi nisilale, wapi maji ni mazuri, wapi askari ni wabaya. Na nikifika Belgrade nataka nisimame siku moja. Ulituambia makaburi alimozikwa hayana alama. Si neno. Nitamsomea mume wangu Fatiha pale langoni, nipite.

Mdogo wako,
Zekiye


Mucur, Uturuki
20 Desemba 1974

Mdogo wangu, mboni ya jicho langu,

Nakubusu macho, na Nermin nambusu paji la uso, maana hapo hakuna aliyekua akapakataa. Shali zilifika. Bila shaka waligombana. Mama Döndü amechukua ya buluu, amesema ya kijivu ni ya wazee. Magoti yake ni yaleyale na ulimi wake ni uleule. Theluji imefika madirishani, duka langu la misumari halioni mteja, nakaa na jiko la makaa tukitazamana.

Barua yako niliisoma dukani. Nikaikunja, nikaenda mkahawani, nikaifungua tena, nikidhani labda maneno yatakuwa yamebadilika. Hayakubadilika.

Zekiye, ile njia inakula watu. Sikutishi. Kuna mahali utaona maua yamefungwa kwenye miti, mti hadi mti, kama vile kuna harusi, na si harusi. Malori yanayapita mengine kwenye kona. Watu wanaendesha siku tatu bila kulala ili wawahi kumwona mama, na mama anaishia kuletewa sanduku. Mwanamke peke yake, na mtoto! Panda ndege. Kama ni lazima uje na hilo gari, basi pitia Italia, liingize melini, ushukie İzmir. Hutakanyaga Yugoslavia hata kidogo.

Na habari ya Belgrade, usihangaike. Mji mkubwa, makaburi makubwa, hutapata hata mtu wa kukuonyesha lango. Msomee hapohapo ulipo. Dua haiulizi njia.

Satı amesikia habari zako, sasa anataka na yeye nimfundishe. Umeona ulichofanya?

Kaka yako,
Rüstem


Hagen
2 Februari 1975

Kaka yangu,

Salamu nyingi, na mwambie Satı asirudi nyuma, mimi nimeshapata leseni! Mara ya kwanza nilianguka mtihani kwa sababu nilipanda ukingo wa barabara kumkwepa njiwa. Bwana Krüger alisema njiwa wana mabawa. Mara ya pili hapakuwa na njiwa. Siku ya matokeo Nermin alipika supu ya dengu, akaiunguza, tukaila hivyohivyo kwa furaha. Tena nimenunua gari, Opel kuukuu la rangi ya haradali. Mlango mmoja haufunguki mpaka uuombe, lakini injini inaimba.

Meli ya Italia sahau. Nafasi za majira ya joto zimekwisha zote, halafu Nermin anatapika hata kwenye mtumbwi wa bustanini. Tunapita njia yenu. Amebandika ramani kwenye ukuta wa jikoni, anachomeka pini kila mji na kuziunganisha kwa uzi mwekundu. Uzi unatoka Hagen, unafika Salzburg, basi, umening'inia hapo unakungoja wewe. Tafadhali, kaka, usiuache uning'inie.

Mama mkwe ameniandikia kwa mkono wa jirani. Anasema siku ya Idi alikuja kwako tena, kama kila mwaka, akakubusu bega na kukuomba radhi kwa niaba ya mwanawe: kwamba Sabri alisinzia kwenye usukani, akajiua mwenyewe, na nusura akuue na wewe. Anasema kila akikuona unachechemea anatamani ardhi immeze. Na mimi ndivyo nilivyokuwa kila mara, unajua. Ule mwezi wa kwanza ulipoletwa nyumbani, mguu wako umefungwa kwa mbao na vitambaa, nilikuwa nakukanda huku naona haya kukutazama usoni, kwa ajili ya mume wangu.

Unamjibu nini, kaka, akikuomba radhi?

Mdogo wako,
Zekiye


Mucur
9 Machi 1975

Dereva wangu,

Hongera! Nimeisoma barua yako kwa sauti mkahawani, wazee wakaweka gilasi chini, halafu mmoja wao, Hacı Veysel, akasema, "Tumekwisha." Nikawaagizia chai wote. Satı anakubusu. Mama Döndü anasema ukija uwe umevaa soksi nzito kwa ajili ya pedali, sijui nani kamwambia pedali ni za baridi.

Haya, mwambie Nermin ashike uzi wake. Ondokeni Jumamosi alfajiri, si Ijumaa. Ijumaa Ujerumani nzima inaondoka. Frankfurt, Nuremberg, na mlale kabla ya Munich, si baada yake. Salzburg mpakani uwe na karatasi mkononi, usianze kupekua mkoba huku askari anakutazama, wanachukia. Kisha milima ya Austria. Sikiliza vizuri: gia unayopandia mlima ndiyo hiyohiyo unayoshukia. Ukizikalia breki zitachemka, utanusa kama nywele zinaungua, na hapo umechelewa. Graz mnunue mkate. Mpaka wa Yugoslavia foleni ni ndefu, kwa hiyo zima injini isichemke, na mtoto anywe maji. Maribor, kisha Zagreb. Zagreb unapotoka, upande wa kulia, kuna kituo cha mafuta. Palikuwa na mzee mwenye jino la dhahabu, alikuwa anatuwekea birika la chai. Kama bado yu hai mpe salamu za Rüstem wa lori la buluu.

Belgrade usiingie mjini, zunguka. Niš matikiti maji ni sukari tupu. Bulgaria usisimame, usipige picha, usitoe maoni. Halafu Kapıkule, mpaka wetu. Utaiona bendera, na utalia. Kila mtu hulia. Lia, lakini kwanza vuta breki ya mkono.

Nilipoandika haya nimekaa saa tatu bila kusikia mguu unauma. Sikujua bado ninaikumbuka njia ile hivi.

Kaka yako,
Rüstem


Hagen
23 Machi 1975

Kaka yangu mpenzi,

Nakubusu mikono. Tumecheka sana kwa habari ya soksi. Nermin hajambo, amepata alama nzuri za hesabu, na ameanza kupaka wanja akidhani sioni. Barua yako tumeisoma mara nne. Yaani nilikusikia sauti, ile sauti yako ya zamani ukiwa umetoka safari, umekaa sakafuni unakula, unasimulia, Sabri anakukatiza kila neno.

Nermin alichomeka pini zote. Alipomaliza akaniita. "Mama, tazama. Mjomba ameandika mpaka jino la mtu wa Zagreb. Halafu anaruka hadi Belgrade. Kilomita karibu mia nne, hakuna hata kisima." Nikatazama. Kweli. Kana kwamba katikati pana bahari.

Kaka, nina jambo nimelikalia tangu Desemba.

Siku moja katika masomo yangu ya udereva, mtoto alikatiza barabara na baiskeli. Mtoto alipona. Bwana Krüger alikanyaga breki yake, mimi nikatupwa mbele, usukani ukanipiga hapa kifuani. Jioni nilipovua nguo nikaona alama: mstari mweusi, umepinda kama mwezi mchanga, kutoka chini ya bega moja hadi jingine. Nikakaa kitandani. Alama ile nilikuwa naijua. Niliipaka mafuta ya zeituni wiki tatu mfululizo, mwaka wa sitini na nane, kwenye kifua chako.

Anayekaa kiti cha abiria hana usukani mbele yake.

Sikuulizi. Nakueleza tu kwamba niliiona, na kwamba ramani ya mtoto ina pengo. Lijaze.

Zekiye


Mucur
8 Juni 1975

Zekiye,

Nakubusu macho, kama bado unaniruhusu. Nyumbani wote wazima. Barua hii nimeianza mara tisa. Satı alidhani naandika wasia.

Uzi uendelee hivi. Kutoka Zagreb unakwenda tambarare, mashamba ya mahindi kulia na kushoto, barabara imenyooka kama rula mpaka inachosha macho. Utapita Slavonski Brod. Baada ya hapo, kama dakika arobaini, kuna mistari miwili ya mialoni iliyokaribia barabara mno. Mmoja umechunwa gome upande wa njia. Ni mimi niliuchuna.

Ilikuwa zamu yangu. Saa sita mchana, jua la Machi kwenye kioo, joto la injini miguuni. Tulikuwa tumebeba zabibu kavu za kupeleka Hamburg, na tulichelewa mpakani siku mbili, nami nilitaka kuifidia ile siku ya pili. Sabri aliniambia, "Rüstem, tusimame, hata nusu saa." Nikamwambia, "Nina macho ya bundi, lala wewe." Akajifunika uso kwa kofia, akalala. Ndiyo maneno yetu ya mwisho. Mti uliingia upande wake.

Askari walipokuja, nilisema yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Maiti hafungwi, Zekiye. Niliogopa jela ya nchi ya watu. Nilijua ni uongo wa siku moja, nikifika nyumbani nitausahihisha. Nikafika nyumbani, na wewe ulikuwa umekaa na mafuta ya zeituni mkononi.

Belgrade hayuko. Walimchukua Waislamu wa ng'ambo ya mto Sava, watu wa Bosnia, waliokuwa wanalima shamba la karibu. Wakamwosha, wakamzika kwao, kwenye kilima cha kijiji juu ya mto. Ana jiwe. Niliwadanganya kwamba ni Belgrade kwa sababu ni hao wanakijiji walionichomoa mimi nyuma ya usukani. Ungekwenda, wangekuambia. Vuka mto kwa kivuko, umuulize mtu yeyote juu ya mzee Mejra, bibi mwenye mizinga ya nyuki. Mumewe ndiye aliyemwosha.

Uliniuliza namjibu nini Mama Döndü. Namwambia, "Inuka, mama." Basi. Kila Idi.

Rüstem


Mucur
6 Julai 1975

Zekiye,

Hujajibu, wala sikudai. Wote wazima hapa. Mama Döndü ameuliza kwa nini nimekonda, nikasema joto.

Wiki ijayo kiwanda chenu kinafunga. Sijui kama bado unakuja, na kama unakuja, sijui unapita wapi. Popote utakapopita, tazama maji ya rejeta kila asubuhi injini ikiwa baridi, usifungue kifuniko ikiwa moto. Chukua mkanda wa feni wa akiba. Tairi la akiba ulijaze upepo kabla ya kuondoka, watu husahau hilo.

Ukisikia macho mazito, simama. Usibishane nayo.

R.


Kijijini, ng'ambo ya Sava
19 Julai 1975

Kaka,

Naandikia juu ya boneti. Barua hii anaichukua fundi mmoja wa Kırşehir, jirani na Mucur, tuliyekutana naye kwenye kivuko. Yeye anakwenda moja kwa moja, atakufikia kabla yangu. Nermin mzima, amechubuka na jua. Mimi mzima.

Barua yako ya Juni niliiweka kwenye droo ya vijiko. Kila nikienda kuchukua kijiko, nayo ipo. Sikukujibu kwa sababu kila neno lililokuja lilikuwa jiwe, na nilijua ukipigwa hata hutainua mkono kujikinga. Niliamua siji. Nikaondoa ramani ukutani. Nermin akauliza kwa nini, nikasema gari bovu. Akasema, "Mama, gari liko sawa, wewe ndiye hauko sawa." Nikamweleza yote, hapo jikoni. Siku mbili nzima alikula akiutazama ule ukuta mtupu. Ya tatu nikakuta ameirudisha ramani, na uzi umefika Belgrade, na katikati amechomeka pini ya kichwa cheupe. "Baba yuko hapo," akasema. "Mimi nakwenda. Unakuja?"

Nimeendesha kilomita elfu moja na mia tatu. Kule milimani nilifuata maneno yako, gia ya kupandia ndiyo ya kushukia, na sikunusa nywele. Mzee wa jino la dhahabu alifariki, mwanawe ndiye anayeuza mafuta sasa. Baada ya Zagreb, jua likiwa juu, barabara imenyooka, Nermin alipiga kelele, "Mama!" Nikafumbua macho. Yalikuwa yamefumba, Rüstem. Sijui sekunde ngapi. Tairi lilikuwa limeshagusa majani. Nikasimama kando, nikalia mpaka kamasi, Nermin ananipa mkate kana kwamba mkate ni dawa.

Kwa hiyo sasa najua kusinzia ni nini. Kule kusinzia sikulaumu, nisikilize vizuri, sikulaumu hata chembe. Lakini miaka saba ulikuwa macho.

Mwaloni nimeuona. Gome limeanza kufunika lile kovu. Kaburi ni safi, limezungushiwa mawe meupe, na jina lake wamelichonga walivyolisikia: Sabrija. Mejra hana mizinga tena, lakini asali anayo. Mwanawe alifanya kazi Stuttgart, tukazungumza Kijerumani kibovu, yeye na mimi, mama yake katikati anatushika mikono. Kitu cha kwanza alichouliza Mejra kilikuwa hiki: "Na yule mwenzake, yu hai?" Akasimulia kwamba gari la hospitali lilikuja kukuchukua ukakataa, mguu umevunjika vipande viwili, ukasema huondoki mpaka rafiki yako azikwe. Wakakubeba juu ya ubao wa mlango mpaka makaburini. Ukamtupia udongo ukiwa umelala. Yote uliniandikia, hili hukuniandikia. Kwa nini? Ulidhani litakupunguzia hatia?

Sitasema nimekusamehe. Neno hilo likitoka leo litakuwa la uongo, na uongo tumekula wa kutosha. Nakaa hapa siku sita zaidi, Nermin anataka kupaka rangi ukuta wa makaburi pamoja na wasichana wa kijiji. Halafu naja.

Lakini siingii Mucur kabla Mama Döndü hajajua, tena kutoka kinywani mwako. Si mimi wa kumwambia. Usije kunipokea mpakani. Niandikie, weka barua posta ya Edirne, mji wa kwanza baada ya mpaka, nitapita kuichukua Jumatatu ya tarehe ishirini na nane. Kama hakuna barua, nitageuza gari.

Zekiye


Mucur
24 Julai 1975

Mdogo wangu,

Nakubusu macho, na ya Nermin.

Fundi wa Kırşehir alifika juzi jioni, na barua yako ikiwa ndani ya kofia yake. Jana asubuhi nilivaa shati safi nikaenda kwa Mama Döndü. Alikuwa amekaa kizingitini na sinia la dengu, anachagua mawe.

Nikamwambia, "Mama, nimekuja kukwambia kitu kibaya."

"Zekiye?" akashtuka.

"Zekiye mzima. Ni cha zamani. Ni cha Sabri."

Nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno, yakatawanyika, nikasema vibaya, nikarudia. Vidole vyake viliendelea kuchagua dengu mpaka nilipofika kwenye mti, hapo vikasimama.

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa amelala," akasema.

"Alikuwa amelala, mama."

"Kweli amelala? Hukumwona akifumbua macho?"

"Alijifunika uso kwa kofia. Hakuamka."

"Hakuogopa."

"Hakuogopa."

Akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya chini, kama mtu anayetua mzigo. Kisha akanitazama. Zekiye, nimetazamwa na maaskari wa nchi tano, sijawahi kutazamwa vile. "Miaka saba," akasema, "kila sala, namwombea mwanangu msamaha kwa dhambi yako. Kila Idi nimekubusu bega. Nawe ukaniacha nibusu."

"Ndiyo, mama."

Akalipindua sinia. Dengu zote zikamwagika mavumbini, kuanzia kizingitini mpaka chini ya gari la ng'ombe la jirani. "Okota," akasema.

Nikapiga magoti, mguu huu unavyokunjika, nikaokota. Hakuondoka. Alikaa pale juu yangu mpaka adhana ya alasiri, na kila nilipodhani nimemaliza ananionyesha kwa fimbo: ile pale, na ile. Satı alikuja kuniinua, akamfukuza. Nilipolijaza sinia akalipokea, akalitazama, akasema, "Sasa nenda mkahawani uwaambie na wao. Mmoja mmoja, kama ulivyookota."

Nimekwenda. Nimewaambia. Hacı Veysel aliondoka bila kumaliza chai yake. Wengine walibaki. Leo asubuhi sijafungua duka, nimekaa kukuandikia, na barua hii nampa dereva wa basi la Istanbul, ni mtu mwaminifu, ataifikisha kwa mwenzake wa Edirne, naye ataiweka posta.

Uliniuliza kwa nini sikuandika habari ya ule ubao wa mlango. Sikuikumbuka. Nakuapia. Ulipoandika ndipo nikaona tena anga, na mbao zinavyonichoma mgongoni, na mtu anaweka udongo kwenye kiganja changu. Miaka saba nimekumbuka mti tu.

Mama Döndü amenipa ujumbe: uje kwake moja kwa moja, usipite kwetu kwanza. Amekwisha kukutandikia na kukukandia unga, anataka Nermin alale ubavuni kwake, na anataka aelezwe jiwe lina urefu gani na linatazama wapi. Nimemkubalia, ni haki yake. Kwa hiyo sikuombi uje kwangu.

Lakini tangu Jumatano nitakuwa njia panda, pale penye kibao cha jina la mji, kuanzia asubuhi. Njia ni hiyo moja, lazima mpite. Najua gari ni la rangi ya haradali. Usisimame kama moyo hautaki. Ukiniona, punguza mwendo tu kidogo, nikuone unavyoendesha.

Kaka yako,
Rüstem